Mgahawa wa Kila Mtu: Nani Hulipia Sahani ya Asiye na Hela?

Saa saba mchana, kwenye vibanda vya mama lishe kuanzia Kabwe hadi Mwanjelwa jijini Mbeya, bei ya sahani inajulikana na kila mtu lakini si kila mtu anayeilipa. Fundi aliyepata kazi asubuhi anaagiza wali nyama na soda baridi. Mbeba mizigo ambaye lori alilokuwa akilisubiri halijafika anasema, "Dada, niwekee ya buku," ingawa sahani ni buku jero, yaani elfu moja na mia tano, na dada anaweka: wali umepungua kidogo, maharage yako vilevile, mchuzi umeongezwa ili sahani isionekane tupu. Wa tatu hasemi lolote. Anakula, ananawa, anaonyesha kwa kidevu lile daftari lililoning'inizwa kwa kamba kwenye nguzo, anaondoka.

Huo tayari ni mpango wa kulisha watu wa vipato tofauti kwenye benchi moja, ila hauna jina wala mfadhili, na hasara yake anaibeba mwanamke mmoja. Kwingineko jambo hilohilo limepewa jina na sheria, na pengine bajeti ya serikali. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita migahawa ya jamii. Mingine imedumu miaka ishirini na zaidi, mingine ilifungwa ikiwa na kampuni kubwa nyuma yake. Kuelewa kwa nini, inabidi kwanza tutenganishe vitu ambavyo watu huvichanganya, kisha tuingie kwenye hesabu. Hesabu ndiyo yenye maneno.

Si foleni ya msaada

Mgahawa wa jamii ni mahali ambapo mtu anaingia, anakaa mezani, anapakuliwa chakula kilekile wanachokula wengine, na kukosa hela hakumrudishi mlangoni. Haulengi maskini peke yao. Wengi wakisikia habari ya "chakula kwa wasiojiweza" wanaona sufuria kubwa, foleni na mtu ameshika kamera. Foleni ya msaada ina mahali pake, kwa mfano baada ya mafuriko. Mgahawa wa jamii wenyewe unataka mwalimu, dereva wa bajaji, mjane na mwanafunzi wa chuo wale chumba kimoja, na sababu si mahubiri ya upendo. Mwenye uwezo akikosekana, hakuna wa kuchangia. Na mahali pakishajulikana kuwa ni pa maskini, maskini mwenyewe hapaendi, au anakwenda akiwa ameshaishiwa kabisa, amejifunika kofia mpaka kwenye nyusi.

Pia si kantini ya ofisi. Kantini ina bei nafuu, lakini kwa wafanyakazi wa humo tu.

Kwetu, meza iliyo wazi kwa kila mtu iko msibani. Harusini lazima uwe na kadi, na kadi yenyewe inasema singo au dabo. Msibani hakuna anayekuuliza umetoa shilingi ngapi kabla ya kukuwekea ugali. Daftari la rambirambi lipo, tena linaandikwa kwa makini na watu wawili, lakini liko kwenye meza ya kamati, mbali na masufuria. Uwe umetoa elfu hamsini, uwe umekuja na mzigo wa kuni begani, uwe umekuja na machozi tu, wanaopakua hawana habari. Daftari na sufuria havikutani, na karibu kila mgahawa wa jamii uliofanya vizuri umepata njia yake ya kuvitenganisha.

Upande wa Rungwe kuna kumbukumbu ya zamani zaidi. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyojenga kijiji chao na kula pamoja, wakizunguka kwenye nyumba za mama zao: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijana aliyependa kujifungia kwa mama yake ale peke yake alichekwa na wenzake. Vijiji vya rika vimeshapita na sioni sababu ya kuvifufua. Nachotazama pale ni namna gharama ilivyozunguka, hata hakuna mama aliyelazimika kulisha kundi zima siku zote. Mama lishe wa leo analisha kundi zima siku zote.

Pengo kwa namba

Tuseme kuna mgahawa unaopika sahani 100 kwa siku. Namba hizi ni za mfano, kila mtu azibadilishe kwa bei za soko lake. Sahani ya wali, maharage, mboga za majani na kipande cha tunda inagharimu shilingi 1,400: vyakula vyenyewe 850, mkaa au gesi 150, na pango, maji, sabuni na posho za wapishi 400. Bei ya kawaida ni 2,000.

Watu 50 wakilipa bei kamili, 30 wakilipa nusu na 20 wakala bila kulipa, zitaingia 130,000 dhidi ya gharama ya 140,000. Pengo ni 10,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 260,000 kwa mwezi, hela ambayo kikoba cha watu 30 kinaweza kuiziba kwa chini ya elfu tisa kila mmoja. Kuna njia nyingine pia: kati ya wale 50 wanaolipa kamili, 20 wakiongeza jero tu juu ya bei, pengo limekwisha siku hiyohiyo.

Sasa wasogeze watu kumi tu. Wanaolipa kamili wawe 40, wa nusu wabaki 30, wa bure wawe 30. Zitaingia 110,000, na pengo limekuwa 30,000 kwa siku, yaani 780,000 kwa mwezi. Limekua mara tatu kwa watu kumi. Wanaoanzisha mgahawa wa namna hii kwa moyo mwema hushangaa mwezi wa nne wanapokuta akiba imekauka, na kwa haraka wanalaumu "watu wasio waaminifu". Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Mchanganyiko wa wateja umehama kidogo tu, na biashara yenye faida nyembamba haina pa kujificha.

Kuna jambo lingine ndani ya namba hizo ambalo hata wahasibu hulipita. Sahani ya bure haigharimu 1,400 kila wakati. Pango halipandi kwa sababu umepika sahani 100 badala ya 80, na posho ya mpishi ni ileile. Mteja asiyelipa akikaa kwenye kiti ambacho kingekuwa kitupu, amekugharimu mchele wake, maharage yake na mkaa kidogo. Akikaa kwenye kiti ambacho mwenye hela anakisubiri amesimama mlangoni, amekugharimu 2,000 nzima. Kwa hiyo benchi la ziada linaweza kuokoa hela nyingi kuliko harambee. Wapo wanaotatua hili kwa kuwaambia wasio na hela waje saa tisa, wenzao wakishaondoka. Kwa hesabu ni sawa, lakini kwa lengo la mgahawa ni kuuvunja: umeshatengeneza zamu ya maskini.

Na ile 850 haikai mahali pamoja. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua. Mahindi na maharage ya msimu yanaingia sokoni kwa wingi kati ya Mei na Agosti, bei inalegea. Januari hadi Machi inapanda, na ndiyo miezi ambayo hela ya nyumba imeshaishia kwenye mbolea, vibarua na mahitaji ya shule. Gharama ya sahani inapanda wakati uleule wateja wa nusu bei wanapoongezeka. Mgahawa unaonunua maharage kwa kilo, wiki kwa wiki, utaumia miezi hiyo. Unaonunua magunia mwezi wa saba na kuyafunga kwenye mifuko ya kinga njaa utapumua. Huku mtu anayesita kutoa elfu kumi taslimu mara nyingi hasiti kutoa debe la mahindi akishavuna, kwa hiyo mchango wa shambani uandikwe daftarini kama hela, kwa bei ya siku hiyo.

Wanaoziba pengo

Njia ya kwanza ni wateja wenyewe. Mwaka 2003, katika mji wa Salt Lake City nchini Marekani, Denise Cerreta aliondoa bei kwenye mgahawa wake mdogo na kuwaachia wateja walipe wanachoona kinafaa. Mgahawa wake ulifungwa 2012, lakini wengi walishaiga. SAME Café ya Denver, iliyofunguliwa 2006, inapokea hela, mazao ya bustanini au kazi ya muda mfupi, kama kuosha vyombo na kufagia. Mwanamuziki Jon Bon Jovi na mkewe walifungua JBJ Soul Kitchen mjini Red Bank mwaka 2011: orodha ya vyakula haina bei, kuna kiwango kinachopendekezwa, na asiye nacho anaweza kujitolea kazi.

Kazi badala ya hela inasikika vizuri, na watu wetu wangeipenda maana hakuna anayetaka kuitwa ombaomba. Ila ina mtego. Ukimpa asiye na hela ufagio na mwenye hela kiti, kila anayeshika ufagio ameshatangazwa. Inafaa tu pale wenye hela nao wanapochukua zamu. Tena vikongwe na wagonjwa waachwe wale kwa amani.

Kisa cha kufundisha zaidi ni cha kampuni kubwa ya mikate na supu ya Marekani, Panera, iliyofungua mgahawa wake wa kwanza wa lipa-unavyoweza karibu na St. Louis mwaka 2010 chini ya mpango uliojulikana kama Panera Cares. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba karibu watu sita kati ya kumi waliacha kiwango kilichopendekezwa, wawili waliongeza, wawili walipunguza au hawakulipa. Kwa namba hizo ungesema mambo ni shwari. Hata hivyo matawi hayakujilipia, yakafungwa moja baada ya jingine, la mwisho mjini Boston mwaka 2019. Pengo la kila mwezi, hata likiwa dogo, linahitaji mtu aliyekubali kwa jina lake kwamba ni lake. Kampuni iliyozoea faida ilichoka kulibeba, na wateja hawakuwa wameambiwa kwamba ni la kwao.

Njia ya pili ni serikali. Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili walifungua migahawa ya halmashauri iliyojulikana kama British Restaurants. Kufikia 1943 ilizidi 2,000 na kupika karibu milo 600,000 kwa siku, kwa bei ya chini. Mtu hakutakiwa kuonyesha cheti cha umaskini. Alitakiwa kuwa na njaa na senti chache, basi. Brazil nayo: jiji la Belo Horizonte lilianza mpango wake mkubwa wa chakula mwaka 1993, na migahawa ya umma ikafuata. Bei ni ya chini, anayeingia ni karani, mstaafu, mwanafunzi, mtu wa mtaani, na jiji linalipa tofauti kila mwaka kwenye bajeti, kama linavyolipia taa za barabarani.

Chennai, kusini mwa India, jiji lilianza mwaka 2013 kuuza idli moja, kitumbua cha mchele kilichopikwa kwa mvuke, kwa rupia 1 na wali wa sambar, yaani wa mchuzi wa dengu, kwa rupia 5. Wanaopika ni akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, ndugu wa vikoba vyetu. Kwa hiyo hoja kwamba vikundi vya wanawake haviwezi kuendesha majiko makubwa imeshajibiwa, na jibu limepikwa kila asubuhi. Udhaifu wa njia hii ni siasa. Mgahawa unaolipiwa na serikali huvaa sura ya kiongozi aliyeuanzisha, na anayemfuata huutazama kwa jicho la pembeni.

Dini ni njia ya tatu, na ndiyo ya zamani kuliko zote. Kwenye Hekalu la Dhahabu la Masingasinga huko Amritsar, India, makumi ya maelfu ya watu hula kila siku bila kulipa, wote wamekaa chini kwa mistari, tajiri na fukara, Msingasinga na asiye Msingasinga. Hakuna meza kuu. Makanisa na misikiti yetu ina majiko, masufuria, uzio na maji, na siku za wiki vingi kati ya hivyo vimelala.

Njia ya nne ni chakula ambacho kingetupwa. Wakati wa maonyesho ya dunia ya Milan mwaka 2015, mpishi Massimo Bottura alifungua Refettorio Ambrosiano ndani ya jengo la zamani la maonyesho ya jukwaani, akawaita wapishi maarufu wapike kwa mabaki ya vyakula vya maonyesho hayo kwa ajili ya watu wasio na makazi. Meza nzuri, taa nzuri, sahani nzito. Mantiki yake inatuhusu moja kwa moja, maana sisi tunatupa chakula kabla hakijapikwa. Nyanya za Ilula zikijaa sokoni kwa wakati mmoja, tenga linauzwa kwa bei isiyorudisha hata gharama ya kuchuma, na nyingine zinaachwa zioze. Parachichi za Rungwe na Njombe zisizofikia ukubwa au sura ya kusafirishwa nje ni tamu kama zile zilizopanda meli. Viazi vilivyokatwa na jembe haviingii kwenye lumbesa, lakini sufuria haiangalii kovu. Ugumu ni usafiri na mpangilio. Nyanya iliyoiva leo haisubiri kikao cha kamati cha Alhamisi.

Ya tano ni ndogo na mimi naipenda. Naples, Italia, kuna desturi ya mtu kunywa kahawa moja na kulipia mbili. Ya pili inakaa hapo kaunta, atakayeingia akiwa hana kitu anauliza kama ipo. Aliyelipa hamjui anayekunywa, na anayekunywa hana wa kumshukuru. Hiyo inaweza kuanza kesho kwenye kibanda chochote bila katiba ya chama.

Siri ya malipo

Turudi kwenye daftari na sufuria. Daftari la mama lishe linaning'inia hadharani, na kila anayenawa mikono anaweza kusoma nani anadaiwa tangu lini. Linafanya kazi kwa sababu aibu inalipa madeni. Lakini aibu hiyohiyo inamfukuza mteja anayehitaji zaidi: deni likifika elfu ishirini, mtu anabadilisha njia asipite pale, na mama amepoteza hela na mteja kwa mpigo.

Dawa ni kumtenga anayepokea malipo na anayepakua. Mtu anapita kwenye meza moja mlangoni, anaweka alichonacho kwenye kisanduku au anaelewana kwa maneno mawili na mpokeaji, anapewa kipande cha plastiki. Vipande vyote ni rangi moja. Jikoni wanapokea kipande, wanapakua. Anayepakua akishajua nani kalipa nini, mkono wake utajua pia, hata kama moyo haukukusudia. Ukitaka kuhakikisha, tazama anayepewa ukoko.

Kenya wamefanya hivyo kwa watoto wa shule. Food4Education, iliyoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012, inawavalisha wanafunzi kikuku cha mkononi. Mzazi anaweka hela kwa simu, mtoto anagusisha kikuku kwenye mashine, anapokea sahani. Kwenye foleni watoto wote wanagusisha vivyo hivyo. Nairobi, kwenye mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo, na kinachobaki kinalipwa na kaunti na wadau wake. Kwa mgahawa wa watu wazima kikuku si lazima, ila wazo linabebeka.

Kufikika si bei peke yake

Mtu anaweza kuwa na hela na bado asile mgahawani. Ngazi bila mteremko zinamzuia wa kiti cha magurudumu. Mwanamke mwenye watoto watatu hakai kwenye benchi la baa. Kiziwi anaagiza kwa kuonyesha kidole na anapewa kilicho karibu. Iringa mjini kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache wakijifunza kazi za mikono, ikakua hadi kuwa na mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi au anajaribu ishara alizojifunza hapohapo. Bei zake si za mbeba mizigo, na mgahawa wenyewe hukusanya wageni na watalii. Lakini umegeuza swali: kwa dakika chache, mwenye kusikia ndiye anayetafuta namna ya kueleweka. Mgahawa wa jamii unaojali bei tu, halafu ukaweka jiko ghorofani, umefungua mlango nusu.

Hapo niseme na jambo ambalo waandika maombi ya ufadhili hawatalipenda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa taifa ni 30. Mikoa inayolisha nchi ndiyo inayoongoza. Ni kishawishi kikubwa kuuza mgahawa wa jamii kama tiba ya hilo. Si tiba. Udumavu unajengeka tangu mimba hadi mtoto anapofika miaka miwili, nyumbani na shambani, pale mama anapotoka alfajiri kwenda kulima na mtoto anabaki na uji mwepesi mara mbili kwa siku, maharage na maziwa yakiwa yameuzwa. Mgahawa wa mjini haufiki huko. Unachoweza ni kuonyesha sahani ya mchanganyiko ikiwa tayari, yenye kunde, mboga na tunda kando ya wanga, kwa bei anayoiweza mama mjamzito anayeuza ndizi barabarani. Hilo ni jema, lisipambwe zaidi ya hapo.

Mama lishe yuko wapi kwenye mpango huu?

Kosa baya zaidi ambalo mradi wenye wafadhili unaweza kufanya ni kufungua jengo jipya lenye vigae karibu na soko na kuuza wali kwa jero. Ndani ya wiki mbili umewanyang'anya wateja wanaolipa wale akina mama waliokuwa wakiwakopesha wasiolipa. Mradi ukiisha, kama miradi inavyoisha, vibanda vimeshafungwa na hakuna wa kupima ya buku.

Kwa mtazamo wangu mgahawa wa jamii huku uanzie kwake. Kikoba, parokia au chama cha wafanyabiashara wa soko kinaingia makubaliano na mama lishe wawili au watatu wenye jiko safi: kila sahani iliyopakuliwa kwa kipande cha plastiki inalipwa bei kamili mwisho wa wiki. Yeye anabaki mfanyabiashara na mpishi. Kinachohama ni hasara tu, kutoka mfukoni mwake kwenda kwa kundi.

Hapo watu huuliza kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Inafaa kwa masufuria, meza, tangi la maji na jiko la gesi. Haifai kwa pengo. Mkopo unarudishwa, na sahani ya bure hairudishi kitu. Kikundi kinachoziba pengo la kila siku kwa mkopo kitajikuta kinadaiwa kwa ajili ya maharage yaliyoliwa mwaka jana. Upande wa vibali hakuna miujiza: leseni, vipimo vya afya kwa wanaoshika chakula, choo na maji ya kunawa, na bwana afya akija apewe kiti aone jiko lote.

Na itakuwaje kwa wanaojiweza wanaokula bure? Watakuwepo. Ila msibani nao wapo, kila mtaa unawajua, na msiba haujawahi kufutwa kwa ajili yao. Kwenye ule mfano wetu, watu watatu wa namna hiyo kwa siku wanagharimu kama elfu tatu za chakula na mkaa, pungufu ya mshahara wa mtu ambaye ungemweka mlangoni awachunguze.

Nikiambiwa nichague pa kujaribia, nisingechagua sokoni. Ningechagua nje ya hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Mbeya, kwenye vibanda ambako ndugu wanaouguza hula. Pale kuna watu waliotoka Chunya, Kyela au Ileje na hela ya siku mbili, wakakaa wiki mbili. Kuna wauguzi, madaktari na wanafunzi wa udaktari wenye uwezo wa kuongeza jero. Anayekula nusu bei leo mgonjwa wake atapona au la, ataondoka, na mwingine atakaa kwenye kiti hicho, kwa hiyo madeni ya kudumu hayajengeki. Sahani 40 kwa siku, vibanda viwili, kikoba kimoja kinachoziba pengo, kuanzia mwezi wa saba maharage yakiwa bei nzuri, na hesabu zifungwe mwishoni mwa Machi. Wakianza na kumaliza ndani ya miezi ya mavuno tu, watakuwa wamepima msimu.